Historia ya Ultrasaundi ya Mimba Changa

Ultrasaundi ya mimba ilizaliwa Glasgow, Uskoti, mji wa viwanda na meli. Mwaka 1954 Ian Donald aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika chuo kikuu cha mji huo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga la Uingereza, ambako alizifahamu rada na vyombo vya kusakia nyambizi kwa mwangwi. Viwandani nako, mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio yalitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Julai 1955 Donald alichukua uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, akaupima kwa chombo cha aina hiyo katika kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Uvimbe wenye maji ulirudisha mwangwi tofauti na uvimbe mgumu.

Akishirikiana na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, Donald alichapisha picha za kwanza katika jarida la Lancet, Juni 1958. Picha hizo zilikuja wakati wake. Eksirei ilionyesha mifupa tu, mimba ikiwa imeshakua. Tena mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alikuwa ameihusisha na saratani za watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni.

Mimba changa haikuonekana kwa urahisi. Mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya nyonga, na hewa ya matumbo huzuia sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba kibofu kilichojaa mkojo husogeza matumbo kando na kuipisha sauti. Ndiyo asili ya agizo la kunywa maji mengi kabla ya kipimo.

Hatua mbili zilizofuata ni za Hugh Robinson, pia wa Glasgow. Mwaka 1972 alionyesha kwamba mapigo ya moyo hutambulika tangu karibu wiki ya 7. Mwaka 1973 alieleza jinsi ya kukadiria umri wa mimba kwa kupima kijusi toka utosini hadi matakoni. Makosa ya kipimo hicho ni ya siku chache tu. Hilo lilikuwa msaada mkubwa kwa mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho.

Katika miaka ya 1980 vilienea vipimo vya kupitia ukeni, ambavyo havihitaji kibofu kujaa. Mpangilio wa uchunguzi ulibaki uleule: kuhakikisha kwamba mimba imetunga ndani ya mfuko wa uzazi, si kwenye mirija, kuhesabu vijusi, kutafuta mapigo ya moyo, kisha kupima urefu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24.