Wakubwa na Wadogo wa Assisi

Tunaposikia jina la Assisi, wengi wetu huwaza picha ya Mtakatifu Fransisko akiwa na ndege mabegani, na nyuma yake mji mtulivu juu ya kilima. Utulivu huo ni wa karne za baadaye. Mji aliozaliwa Fransisko, mwaka 1181 au 1182, ulikuwa mji wa watu walioogopana. Asiyejua jinsi walivyopigana hawezi kulielewa vema jina ambalo Fransisko aliwapa wenzake.

Assisi umejengwa katika mteremko wa mlima Subasio, katika nchi ya Umbria, Italia ya kati. Nyumba zake ni za mawe ya mlima huohuo, meupe yanayoelekea wekundu kidogo, hata mtu aliye bondeni huona kana kwamba mji umechipuka mwambani. Warumi walikuwako huko zamani: katika uwanja mkuu zingali zimesimama nguzo sita za hekalu lao, lililojengwa karne ya kwanza kabla ya Kristo na baadaye likageuzwa kuwa kanisa la Bikira Maria. Na juu kabisa, kileleni, palikuwa na ngome iitwayo Rocca. Humo alitawala Conrad wa Urslingen, bwana wa Kijerumani aliyewekwa na Kaisari.

Mwaka 1197 Kaisari Henry VI alifariki. Mwaka uliofuata Papa Inosenti III alizidai nchi zile ziwe chini ya Kanisa, naye Conrad akaenda mji wa Narni kujisalimisha kwake. Watu wa Assisi hawakungoja kuambiwa bwana wao mpya ni nani. Waliipanda ngome wakaibomoa.

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema ni watu waliojikomboa kutoka mikono ya mgeni. Lakini mgeni alipoondoka, waligeukiana wenyewe. Hati za mji ziliwagawa wenyeji kwa maneno mawili ya Kilatini: maiores na minores, yaani wakubwa na wadogo. Wakubwa walikuwa na farasi wa vita, minara, mashamba, na wakulima waliofungwa katika mashamba hayo, wasioweza kuondoka bila ruhusa. Wadogo walikuwa wafanyabiashara na mafundi. Tusidhani kwamba wadogo wote walikuwa maskini. Pietro di Bernardone, baba yake Fransisko, alikuwa mwuza vitambaa mwenye fedha nyingi, pengine kuliko baadhi ya hao wakubwa. Lakini hakuwa wa ukoo wa kuheshimiwa. Fedha ni kitu kimoja na heshima ni kitu kingine, na kijana wa Fransisko aliyeota kuwa askari wa farasi alilijua jambo hilo tangu utoto.

Wadogo walizishambulia nyumba za wakubwa. Jamaa za wakubwa zikakimbilia Perugia, mji wa pili, ambao huonekana kwa macho ng'ambo ya bonde na ulikuwa mshindani wa Assisi tangu siku nyingi. Kati ya wakimbizi hao ilikuwamo jamaa ya Offreduccio, iliyokuwa na nyumba karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Rufino. Katika jamaa hiyo alikuwamo mtoto wa kike, jina lake Klara.

Perugia uliikubali kesi ya wakimbizi ukaifanya kuwa vita yake. Mwaka 1202 majeshi yalikutana Collestrada, karibu na mto Tiber, na Assisi ukashindwa. Fransisko, kijana wa miaka kama ishirini, alitekwa akafungwa Perugia karibu mwaka mzima. Yaelekea Klara na jamaa yake walikuwa bado uhamishoni katika mji huohuo: binti mdogo wa wakubwa akiwa mkimbizi, na mwana wa wadogo akiwa mfungwa, kwa ajili ya ugomvi mmoja.

Ilichukua miaka mingi kuzima moto huo. Katika mapatano ya mwaka 1210, wakubwa na wadogo waliapa kwamba upande wowote hautafanya agano na Papa, Kaisari, mji wala bwana mwingine bila ukubali wa wote. Walikuwa wameona vizuri mno gharama ya kumwita jirani aingie katika ugomvi wa nyumbani.

Ni katika miaka ileile ndipo Fransisko alipowapa wenzake jina la Ndugu Wadogo. Sisi tumelizoea jina hilo. Masikioni mwa mtu wa Assisi, lakini, mdogo lilikuwa neno la siasa, neno la upande mmoja wa vita. Na wadogo wa mjini walikuwa wakipigana ili wawe wakubwa. Fransisko alishuka badala ya kupanda: akatoka nje ya kuta, akaenda kukaa bondeni, karibu na wakoma ambao mji uliwatenga. Usiku wa Jumapili ya Matawi, mwaka 1212, Klara, binti wa wakubwa, aliondoka nyumbani kwao kwa siri akamfuata huko chini.

Ugomvi haukuisha mjini. Fransisko alipokuwa mgonjwa, karibu na kufa, askofu na podestà, ndiye mkuu wa mji, walikosana: askofu alimtenga podestà na Kanisa, naye podestà akatangaza kwamba mtu yeyote asiuze wala asinunue chochote kwa askofu. Fransisko aliongeza katika wimbo wake wa viumbe ubeti kuhusu wale wanaosamehe, akawatuma ndugu wakauimbe katika ua wa nyumba ya askofu, wote wawili wakiwapo. Masimulizi ya wenzake yanasema podestà alilia akapiga magoti, na askofu akamwinua.

Hata leo, mwanzoni mwa Mei, Assisi hugawanyika mara mbili, Upande wa Juu na Upande wa Chini, bendera za buluu na bendera nyekundu. Kwa siku kadhaa wenyeji huvaa mavazi ya kale na kushindana vikali. Jambo kubwa katika mashindano hayo ni nyimbo.