Kanda za Januari 1969

Wimbo "Let It Be" wa Beatles una solo mbili za gitaa, na ukishazoea moja, nyingine itakushtua. Kwenye singo ya Machi 1970, gitaa la George Harrison linaingia taratibu na sauti yake inazungukazunguka, maana ilipitishwa kwenye spika ya Leslie, ile ya vinanda vya ogani. Kwenye albamu iliyotoka miezi miwili baadaye gitaa ni kali, linakwaruza, kama linatafuta mtu wa kugombana naye. Mimi nilianza na la albamu. Siku niliposikia la singo nilidhani nimeangukia rekodi ya tamasha fulani. Kumbe ni kitu kilekile: piano ileile, sauti ileile ya Paul McCartney, mkupuo uleule wa tarehe 31 Januari 1969. Harrison alirudi studio Aprili mwaka huo kuweka solo, akarudi tena Januari 1970 akaweka nyingine. Aliyemiksi singo alichukua ya kwanza. Aliyemiksi albamu alichukua ya pili.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kulinganisha miksi, na hakuna albamu inayolipa kazi hiyo kama hii. Walioianza hawakuimaliza pamoja. Kila aliyeshika kanda zile baadaye ilimbidi aamue mwenyewe Januari ile ilikuwaje.

Wazo la mwanzo lilikuwa jepesi. Baada ya miaka kadhaa ya albamu zilizojengwa tabaka juu ya tabaka, wanne hawa wangerudi kupiga muziki pamoja chumba kimoja, bila kuongezea chochote baadaye. Kamera zingekuwepo. Walianza tarehe 2 Januari 1969 kwenye studio za filamu za Twickenham, London. Tarehe 10 Harrison akaondoka na kusema hayumo tena kwenye bendi. Aliporudi walihamia chini ya ofisi yao, Savile Row namba 3, na tarehe 22 akaongezeka mpiga kinanda kutoka Marekani, Billy Preston. Ukisikiliza mabaki ya studio ya wiki ile utasikia watu wakianza kujirekebisha, kama ndugu wanaogombana hadi mgeni abishe hodi. Tarehe 30 walipanda juu ya paa la jengo wakapiga. Siku iliyofuata walirekodi zile tulivu za piano. Basi.

Kanda akapewa fundi sauti wao, Glyn Johns. Mei 1969 alikuwa na albamu tayari, ikiitwa Get Back, na hata picha ya jalada ilikuwa imepigwa: wanne wakichungulia kutoka kwenye ngazi ileile ya jengo la EMI walikopigwa picha ya albamu yao ya kwanza mwaka 1963. Johns aliichukua ahadi ya kutoongeza kitu kama ilivyo. Kwenye miksi yake watu wanaongea, wanatania, wanakosea na kuanza upya. Kwa "I've Got a Feeling" alichagua mkupuo wa studio unaovunjika kabla ya kufika mwisho, ilhali ule wa paani, uliokamilika na wenye moto, alikuwa nao. "Dig It", ambao ni mchezo tu wa watu waliochoka, aliuacha uende dakika kama nne.

Beatles waliikataa. Akaipanga upya Januari 1970, wakaikataa tena. Ninawaelewa. Nimeisikiliza mara nyingi na kila mara kuna mahali ninapotaka kuruka. Ilivuja hata hivyo, ikauzwa kinyemela kwenye santuri zisizo na kibali, na kwa miaka mingi wapenzi wa bendi waliinong'ona kama hazina iliyofichwa. Ilitolewa rasmi mwaka 2021 tu, ndani ya kasha kubwa la albamu hii.

Kufika mwanzo wa 1970 ahadi ilikuwa imekwisha kuvunjwa na wenyewe. Tarehe 3 Januari watatu kati yao, bila John Lennon, walirekodi "I Me Mine" ya Harrison. Kesho yake waliongeza tarumbeta na sauti kwenye "Let It Be", kwa mpangilio wa George Martin, mtayarishaji wao wa siku zote. Hili husahaulika sana pale lawama zote zinapotupiwa mtu mmoja, Phil Spector, Mmarekani aliyeletwa Machi kuzimaliza kanda.

Spector alifanya kazi kwa mkasi na kwa okestra. "I Me Mine" ilikuwa na dakika 1 na sekunde 34. Alinakili sehemu akaibandika, ikafika dakika 2 na sekunde 25, na ukiwa hujui huwezi kushtukia. "Dig It" aliikata ikabaki chini ya dakika moja, nami namshukuru. Na mwishoni mwa albamu alicheza mchezo ninaoupenda kuliko yote. "Get Back" ya albamu ni mkupuo wa studio wa tarehe 27 Januari, uleule wa singo. Spector aliukata mwisho wake, akapachika pale utani wa Lennon wa juu ya paa, ule wa kutumaini kwamba wamefaulu usaili. Mamilioni ya watu wameusikia wimbo ule wakiamini wako paani, upepo unawapiga usoni.

Unaweza kuuita uongo. Lakini linganisha na albamu ya 2003, Let It Be... Naked, iliyokuja kutuonyesha nyimbo zile bila mavazi ya Spector. Okestra imetoka, kwaya imetoka. Na mazungumzo yote nayo yametoka, pamoja na "Dig It" na "Maggie Mae". Makosa yamesafishwa kwa kompyuta. "Don't Let Me Down", ambayo Spector hakuiweka, imo, ila imeungwa kutoka kwenye mikupuo miwili ya paani. Wimbo huo kama unavyosikika pale haujawahi kupigwa na mtu yeyote kwa wakati mmoja. Ni albamu nzuri. Naisikiliza kuliko ya Johns. Ila neno "uchi" kwa kitu kilichopambwa kwa uangalifu namna ile bado linanichekesha.

Ubishi wote huishia kwenye "The Long and Winding Road". Mkupuo wa tarehe 26 Januari ndio walioutumia Johns na Spector wote wawili. Ukitaka kuusikia mtupu, upo kwenye Anthology 3 ya 1996: McCartney na piano, wenzake wakimfuata kwa tahadhari, na Lennon kwenye besi, chombo ambacho si chake, akikosea noti hapa na pale. Tarehe 1 Aprili 1970 Spector aliingiza violini, sello, tarumbeta, kinubi na kwaya ya wanawake. Wa Beatles aliyekuwepo kupiga alikuwa Ringo Starr peke yake. McCartney, mwenye wimbo, hakuwepo.

Sababu ya okestra nzito vile hubishaniwa. Wapo wanaosema ni ladha mbaya tu. Mimi nikizisikiliza zote mbili mfululizo nasikia pia mtu anayeficha besi. Tarehe 31 Januari waliurekodi tena, vizuri zaidi, na huo ndio uliowekwa kwenye ile ya 2003. Kwa hiyo anayeweka Naked na albamu ya 1970 sambamba ili asikie Spector aliharibu nini, analinganisha siku mbili tofauti. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwa miaka.

McCartney aliposikia kilichofanywa, aliandika barua tarehe 14 Aprili kwa Allen Klein, aliyekuwa akisimamia biashara za bendi. Siku nne kabla yake dunia ilikuwa imesikia kwamba anaiacha Beatles. Barua haikudai wimbo uondolewe. Ilikuwa ya fundi: nyuzi, tarumbeta na sauti zipunguzwe, vyombo vya Beatles viongezwe, kinubi cha mwishoni kiondolewe kabisa, na jambo kama hilo lisifanywe tena. Alipokwenda Mahakama Kuu kuuvunja ushirika wao, wimbo huu ulikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Wakati huohuo miksi aliyoichukia ilikuwa imeshika namba moja Marekani, Juni 1970, ya mwisho kwao kufika pale.

Albamu ilitoka tarehe 8 Mei. Weka "The Long and Winding Road" na usubiri sekunde za mwisho, piano inapotulia. Kinubi kipo.