Ilani ya Vine City: Julian Bond na Kiti Kilichozuiliwa Georgia, 1965–1967

Hadi katikati ya miaka ya 1960, Bunge la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, liligawa viti vya Baraza lake la Wawakilishi kwa kufuata kaunti na si idadi ya watu. Kaunti, yaani vitengo vya utawala vilivyo chini ya jimbo, zilikuwa 159: nane zenye watu wengi zaidi zilipewa wawakilishi watatu kila moja, thelathini zilizofuata zikapata wawili wawili, na 121 zilizobaki zikapata mmoja mmoja, ndipo jumla ikawa viti 205. Kwa hesabu hiyo, Fulton, kaunti iliyobeba sehemu kubwa ya mji wa Atlanta na watu zaidi ya nusu milioni, ilikuwa na wawakilishi watatu, ilhali Echols, ambayo sensa ya 1960 iliikuta na watu wasiofikia 2,000, ilikuwa na wake mmoja. Mgawanyo huu uliwapa nguvu Wazungu wa vijijini, na ulimdhulumu mara mbili mtu mweusi wa mjini, kwa kuwa hata pale alipofanikiwa kujiandikisha, kura yake ilikuwa na uzito mdogo kuliko ya mwenzake wa shambani. Kilichouvunja ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyotolewa Juni 1964, iliyoagiza kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa kadiri ya idadi ya watu. Georgia ikalazimika kuchora ramani upya na kuitisha mwaka 1965 uchaguzi maalumu wa kipindi cha mwaka mmoja tu, na katika ramani hiyo likazaliwa eneo la uchaguzi namba 136, lililokuwa na wapiga kura wapatao 6,500, ambao 6,000 kati yao walikuwa watu weusi.

Tarehe hizi zina uzito wake, kwa sababu mara nyingi ushindi wa wawakilishi weusi wa Georgia mwaka huo huhesabiwa kuwa tunda la Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, na uchaguzi wa eneo la 136 ulikuwa umefanyika Juni. Mlango ulifunguliwa na mahakama na ramani mpya. Waliouingia ni watu waliokwisha kujiandaa kwa miaka kadhaa.

Mgombea aliyejitokeza, Julian Bond, alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940, katika ukoo uliokuwa umeifanya elimu kuwa njia yake ya kutoka utumwani. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa akaja kuwa mchungaji wa kanisa. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo kilichowasomesha Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Mama yake, Julia, alikuwa mkutubi. Julian alisoma sekondari katika shule ya bweni ya Wakweka, dhehebu la Kikristo linalokataa vita vyote, na mwaka 1957 familia ilipohamia Atlanta akaingia chuo cha Morehouse. Machi 1960 wanafunzi wa vyuo vya watu weusi vya mji huo walianza kuingia katika migahawa iliyowabagua, wakaketi na kukataa kuondoka, na Bond alikamatwa katika mgahawa wa jengo la manispaa. Mwezi uliofuata ilianzishwa Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati za Amani, iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, naye akaacha masomo ili aongoze idara yake ya habari, kazi ya kuhakikisha kwamba kipigo alichopata mkulima wa Mississippi hakipiti bila kuandikwa gazetini.

Vijana wa SNCC hawakuyatazama mapambano yao kama jambo la Marekani peke yake. Desemba 1963, Kenya ikiwa imepata uhuru siku chache tu, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta, na wanakamati waliokwenda kumlaki hotelini walitoka hapo wakaingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakamatwa. Tukio hilo lilizaa wimbo uliobeba jina la Odinga, ulioimbwa na waimbaji wa kamati hiyo. Mwaka uliofuata Bond alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliozuru Guinea kwa mwaliko wa serikali ya Sékou Touré. Mambo haya yanafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba vijana hao walijiingiza katika siasa za nje ghafla mwaka 1966.

Eneo la 136 lilijumuisha mtaa wa Vine City, uliopakana na vyuo vya watu weusi upande wa magharibi wa katikati ya mji. Humo waliishi walimu na wachungaji, akiwemo Martin Luther King mwenyewe, lakini wengi wa wakazi walikuwa wapangaji maskini wa nyumba mbovu. Kwa SNCC, iliyozoea vijiji vya Mississippi na Alabama, hii ilikuwa mara ya kwanza kumsimamisha mtu wake katika uchaguzi wa mjini, na wapo wanakamati waliosita, kwa kuwa Bond angegombea kwa tiketi ya chama cha Democratic, chama kilekile kilichokuwa kimesimamia ubaguzi wa Georgia kwa miongo mingi. Kampeni ilisimamiwa na Ivanhoe Donaldson, akisaidiwa na wenzake kama Charlie Cobb na Judy Richardson, watu ambao mbinu yao waliileta kutoka mashambani: kwenda nyumba kwa nyumba, na kuuliza kabla ya kuahidi.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Kwa desturi, mgombea mweusi wa mjini alipita kwa wachungaji na wenye biashara, akapata baraka zao, nao wakawaelekeza waumini na wateja wao. Bond na wenzake walimwuliza mwenye nyumba, au mara nyingi zaidi mpangaji, angependa mwakilishi wake afanye nini, na ilani iliyotokana na majibu hayo ilikuwa ya mkate na paa. Dai lake la kwanza lilikuwa kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Kima cha shirikisho, yaani cha nchi nzima, kilikuwa dola 1.25, nacho kiliwaacha nje watumishi wa majumbani, kundi lenye wanawake wengi wa mitaa kama Vine City ambao kila asubuhi walipanda basi kwenda kupika na kulea katika nyumba za Wazungu. Mwanamke kama huyo hakuwa na sheria yoyote ya kumlinda mwajiri alipoamua mwenyewe atamlipa nini. Dai la pili lilikuwa kufutwa kwa sheria ya 1947 iliyoitwa ya haki ya kufanya kazi, jina linalopotosha, kwa maana kazi yake ni kupiga marufuku mikataba inayowataka wafanyakazi wote wa mahali fulani wawe wanachama wa chama cha wafanyakazi, na kwa njia hiyo kuvidhoofisha vyama hivyo. La tatu lilihusu mpango wa kufufua miji, ambao kwa vitendo ulimaanisha kubomoa mitaa ya maskini: uwanja wa michezo uliofunguliwa Atlanta Aprili mwaka huohuo ulijengwa mahali palipokuwa makazi ya watu. La nne lilitaka kuondolewa kwa mtihani wa kusoma na kuandika aliowekewa mpiga kura, mtihani ambao karani Mzungu aliusahihisha apendavyo.

Bond alimshinda mchungaji Howard Creecy katika kura za mchujo, yaani uchaguzi wa ndani ya chama, na Juni akamshinda Malcolm Dean wa chama cha Republican, mlezi wa wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Atlanta, kwa kura 2,320 dhidi ya 487.

Ilani hiyo haikupata hata siku moja ya kujadiliwa. Tarehe 3 Januari 1966, Sammy Younge, mwanafunzi na mwanaharakati, aliuawa kwa risasi Tuskegee, Alabama, katika ugomvi wa kutumia choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta, na siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko lililofananisha kifo chake na mauaji ya Vietnam na kuwaunga mkono waliokataa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Bond hakuliandika tamko hilo, lakini mwandishi wa redio alipomwuliza alijibu kwamba anakubaliana nalo; aliongeza kwamba anaustahi ujasiri wa waliochoma kadi zao za jeshi, ingawa yeye hangeichoma yake. Wajumbe 75 wakawasilisha hati za pingamizi wakidai kwamba mtu wa maneno hayo hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba. Tarehe 10 Januari, wenzake waliochaguliwa naye wakila kiapo, Baraza lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumnyima kiti.

Georgia ilikuwa imekwisha kufanya hivyo zamani. Septemba 1868, katika miaka ya ujenzi mpya iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge hilohilo liliwafukuza wajumbe wake weusi kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haikuwapa haki ya kushika madaraka; Henry McNeal Turner, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliwakabili kwa hotuba akikataa katakata kuwaomba kile kilichokuwa haki yake. Waliofukuzwa walirudishwa mwaka 1870 kwa shinikizo la serikali kuu. Safari hii njia ilikuwa mahakama. Bond alifungua kesi, na King akajiunga nayo kwa nafasi ya mpiga kura wa eneo la 136, jambo linaloonyesha wazi nani aliyekuwa ameporwa. Mahakama ya chini ilimkatalia kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Wapiga kura wakamrudisha katika uchaguzi mdogo wa Februari bila mpinzani, akakataliwa tena, wakamchagua tena Novemba. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, kupitia kwa Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwamba Baraza lilivunja uhuru wake wa kusema, na kwamba mwakilishi hawezi kubanwa katika kutoa maoni zaidi ya raia wa kawaida, kwani kazi yake yenyewe inamtaka aseme juu ya mambo yenye utata.

Vitabu vya sheria vinaikumbuka kesi hiyo kwa uhuru wa kusema, na ni sawa. Lakini kukumbuka hilo peke yake ni kuwasahau wapangaji wa Vine City, waliokaa mwaka mzima bila sauti katika jengo la Bunge lililokuwa mwendo mfupi kutoka milangoni mwao, huku majina yao yakiwa katika daftari na kodi zao zikikusanywa. Waliomzuia Bond walizungumzia uzalendo. Kilichobaki nje pamoja naye kilikuwa mshahara wa mtumishi wa nyumbani.

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967, akahudumu katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975 na katika Seneti ya jimbo hadi 1987. Mtihani wa wapiga kura ulikuwa umesimamishwa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura wiki chache baada ya ushindi wake wa kwanza. Watumishi wa majumbani walisubiri hadi 1974, Bunge la nchi lilipowaingiza katika sheria ya kima cha chini. Sheria ya 1947 dhidi ya vyama vya wafanyakazi bado inatumika Georgia, na kima cha chini kilichoandikwa katika sheria za jimbo hilo, dola 5.15 kwa saa, kiko chini ya kile cha shirikisho cha dola 7.25.