Uundaji wa programu za visomavitabu na vizingiti vyake

KISOMAVITABU ni kompyuta ndogo. Kindle ya kampuni ya Amazon, iliyoingia sokoni mwaka wa 2007, na Kobo, iliyofuata mwaka wa 2010, huendeshwa kwa mfumo wa Linux.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa kujitolea wameunda programu mbadala, mathalani KOReader, inayofungua aina nyingi za faili kuliko zile zilizokusudiwa na kampuni.

Hata hivyo, anayetaka kuunda programu ya aina hiyo hukumbana na vizingiti vitatu.

Cha kwanza ni prosesa. Kompyuta nyingi za mezani hutumia prosesa za jamii ya x86, ilhali visomavitabu hivi hutumia za ARM. Kwa vile kifaa chenyewe ni kidogo mno kwa kazi hiyo, programu hutayarishwa katika kompyuta kubwa kwa zana zinazotoa lugha ya mashine ya ARM.

Cha pili, ambacho huwasumbua wengi, ni glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu kifaani huitegemea. Programu iliyoundwa kwa toleo kuukuu hufanya kazi katika toleo jipya, lakini kinyume chake hakikubaliki.

Kwa mfano, programu ya lugha ya C iliyoundwa kwa njia ya kawaida kwa toleo la 2.34, lililotolewa mwaka wa 2021, hukataa kufunguka katika kifaa chenye toleo la nyuma yake, hata iwe ya mistari mitatu tu.

Wapo wanaoshawishika kubadilisha maktaba hiyo ndani ya kifaa. Hiyo ni njia ya hatari, kwani ikivurugika kifaa huenda kisiwake tena.

Njia salama ni kutumia crosstool-NG kutengeneza zana zenye glibc kuukuu kama ya kifaa, au zaidi. Maktaba nyingine zinazohitajika hufungashwa katika folda ya programu yenyewe, bila kugusa zile za mfumo.

Kizingiti cha tatu ni desimali. Katika Kindle, programu zilipitishiana desimali kupitia rejista za kawaida za prosesa hadi toleo la 5.16.3 la mwaka wa 2023, lililoanza kutumia rejista maalumu. Ndiposa KOReader ina vifurushi tofauti vya Kindle kabla na baada ya badiliko hilo.

Amri ya readelf humwonyesha mwundaji matoleo ya glibc yanayohitajika pamoja na kanuni ya desimali, kabla ya faili kuhamishiwa kifaani.

Kwa upande wa Kobo, faili iitwayo KoboRoot.tgz ikiwekwa katika folda ya .kobo, kifaa huifungua chenyewe na kusambaza yaliyomo katika mfumo mzima kwa mamlaka kamili. Faili ya mfumo yenye jina sawa hufutwa na kuandikwa upya bila onyo.

Kwa hivyo, yafaa kukagua orodha ya yaliyomo kwanza. Aidha, Kobo za zamani kama Touch na Glo huhifadhi mfumo wao katika kadi ndogo inayochomoleka. Mwenye kunakili kadi hiyo mapema anaweza kukifufua kifaa kilichokwama.

Tahadhari kabla ya hatari: kifaa ambacho kioo chake kingali kizima hakistahili kutupwa kwa kosa la faili moja.