Mtani Hanuniwi

Kero nyingi za mtu mzima ni ndogo mno kufikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jirani aliazima jembe wakati wa masika, hajalirudisha mpaka leo. Mbuzi wa shemeji wamemaliza mchicha bustanini. Mtu mliyeahidiana kukutana alfajiri anatokea jua la utosini, wala haombi radhi. Ukinyamaza, jambo linakukaa kifuani. Ukisema, wewe ndiye mgomvi. Lusewa, kusini mwa Namtumbo, nchi iliyokuwa ikihesabiwa Songea kabla wilaya haijagawanywa, watu wana njia nyingine, nayo ni kongwe: kero husemwa hadharani, kwa maneno makali kuliko ya ugomvi, na anayesemwa haruhusiwi kununa kwa kuwa aliyemsema ni mtani wake.

Nauandika utani huu sambamba na desturi za namna yake kwingineko kwa sababu naona tunausifu kwa jambo lisilo lake. Tunausifu kwa kuchekesha, na kuchekesha kumejaa kila mahali. Kilicho adimu ni haki na deni vinavyofuatana na kicheko chenyewe.

Tuanzie nyumbani. Katika nchi ya Lusewa na jirani zake wameishi pamoja Wayao, Wandendeule na Wangoni. Kwa Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye aliyehamia kijijini kwa mkewe. Mfikirie mwanamume huyo. Amezungukwa na watu ambao si wa ukoo wake, analima ardhi ya wenzake, na watoto anaowazaa watahesabiwa upande wa mjomba wao. Kila siku ina jambo la kumkwaza. Mila ikampangia tabia mbili. Kwa mama mkwe ni adabu tupu: hamkazii macho, hasemi naye ovyo, akimwona njiani humpisha. Kwa mashemeji ni utani: wanaweza kumwambia ni mvivu, ni mlafi, amekuja kumaliza unga wa dada yao, naye akawajibu vilevile. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba adabu hiyo na utani huo ni dawa mbili za ugonjwa mmoja, yaani hali ya watu waliounganishwa na ndoa huku maslahi yao yakiwatenganisha. Naikubali hoja yake, ila naona ameutazama utani kwa mbali mno. Shemeji anayemwita mwenzake mvivu mbele ya watu mara nyingi anasema kweli, na aliyetaniwa huonekana shambani kesho yake. Hilo si kupunguza joto tu. Ni kumrekebisha mtu bila baraza na bila faini.

Kwa Wangoni mambo yana damu ndani yake. Hawa walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo chake makundi yao mengine yakafika Songea katikati ya karne ile ya 19. Watani wao mashuhuri ni Wahehe, na hao walipigana nao vita vikali kati ya 1878 na 1882, pasiwe na upande uliomshinda mwenzake kabisa. Leo Mngoni akikutana na Mhehe stendi ya Songea anaweza kumwita mtumwa wake, amuulize leo amekula mbwa wa nani, amnyang'anye na soda mkononi. Mhehe naye atamkumbusha jinsi babu zake walivyokimbia. Hakuna anayeita polisi. Vita vilivyoua watu wengi vimegeuka ruhusa ya kunyang'anyana soda, na sijui mkataba wa amani uliodumu kwa gharama ndogo kuliko huo.

Lakini utani haupimwi stendi. Unapimwa msibani. Hapo mtani huingia wakati wafiwa wameishiwa nguvu, akaanza kumwiga marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa akikwepa madeni. Huweza kuvaa koti lake. Huweza kukamata kuku wa wafiwa akaenda zake, au kushuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka alipwe. Mgeni asiyejua hukasirika. Mwenyeji anajua kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeshika chepeo tangu asubuhi, na kwamba kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa uchungu, yeye anaziweza. Mjane aliyekuwa hajatia kitu mdomoni hucheka bila kupenda, kisha hunywa uji. Malipo anayodai mtani ni madogo, lakini lazima yatoke, maana yanathibitisha kwamba deni baina ya pande mbili bado lipo, na zamu ya upande wa pili itafika.

Nikitafuta ndugu wa karibu wa desturi hii, simpati Afrika Mashariki. Nampata Mali, katika sanankuya. Kule utani hufuata jina la ukoo. Keita akikutana na Coulibaly, humwambia ni mla kunde, na tusi hilo dogo linatosha kufungua mazungumzo ya saa nzima. Simulizi za Wamandinka huuweka msingi wa mpango huo karne ya 13, zama za mfalme Sundiata, kama sheria ya dola yake. Sanankuya nayo ina wajibu: mtani hadhuriwi, hupatanisha wagombanao, na ombi lake ni zito kulikataa. Jirani zao wa Niger desturi yao ya utani iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Wenzetu wa Mali wanatuzidi kwa kitu kimoja: jina liko kwenye kitambulisho, basi askari wa barabarani hulisoma na utani ukaanza hapohapo. Sisi hulazimika kwanza kuulizana kabila, swali ambalo vijana wengi wa mjini wanaliona aibu.

Ndugu mwingine yuko Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo: mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alieleza katika kitabu chake cha 1956 ngoma ya kalela, ambamo vijana wa Kibisa waliovaa nadhifu waliimba wakiyadhihaki makabila mengine ya kambini. Ule ulikuwa utani wa wageni waliokutanishwa na ajira. Uliwasaidia kuishi pamoja.

Mchongoano wa Nairobi ni kitu kingine kabisa. Vijana wawili husimama, watu huwazunguka, na mmoja humsema mama wa mwenzake kwa ufundi mkubwa mpaka umati uamue nani ameshinda. Ni sanaa, na nawaheshimu mafundi wake. Lakini mshindi akishapatikana, kila mmoja huenda zake bila deni.

Nasi tunaelekea huko kwa njia ya mpira. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 huitwa watani wa jadi, na Lusewa kama kwingineko timu ikifungwa Jumamosi, mshabiki wake atasemwa wiki nzima, kijiweni na kwenye simu. Ni burudani halali. Ninachohofia ni kizazi kitakachodhani kwamba utani wote ndio huo. Kijana wa Kingoni wa Lusewa aliyekulia Mbagala, Dar es Salaam, anajua kumtania Mhehe kuhusu mbwa. Siku ya msiba wa baba yake, Mhehe akisimama mbele ya jeneza na kudai chake, kijana anaona ni utovu wa adabu na anataka atolewe nje. Mzee wa ukoo akiwapo, humvuta kando na kumweleza, fedha zikatoka, safari ya makaburini ikaendelea. Asipokuwapo, Mhehe hutolewa kweli, na siku ya msiba wa kwao hakuna atakayemwita Mngoni.