Ujifunzaji hadi Umahiri

Mwalimu akiandika ubaoni 1/2 + 1/3, hawakosekani watoto watakaojibu 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wanawekewa mkasi, na Jumatatu darasa linaanza desimali. Mtoto anaingia kwenye desimali bila kuzielewa sehemu, anaingia kwenye asilimia vilevile, na mwishowe anaitwa mzito wa hesabu. Uzito huo umetengenezwa darasani.

Njia inayolikabili jambo hili huitwa kwa Kiingereza mastery learning. Ilienea baada ya Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago kuiandikia makala mwaka 1968. Aliijenga juu ya hoja ya John Carroll ya mwaka 1963, kwamba kipaji cha mtu katika somo kipimwe kwa muda anaouhitaji kulielewa. Shule huwapa wote muda uleule, kisha hushangaa wakipishana. Bloom alitaka kiwango kiwe kimoja, muda ndio upishane, na aliamini zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wangefika.

Somo linakatwa vipande vya wiki moja au mbili. Kila kipande kinaishia kwa jaribio fupi ambalo alama zake haziingii kwenye ripoti. Kazi yake ni kuonyesha nani kakwama na kakwamia wapi. Waliofikia kiwango, mara nyingi asilimia 80 au zaidi, wanapewa kazi ya kuwapeleka ndani zaidi. Waliokwama wanafundishwa upya kwa njia nyingine, kisha wanajaribiwa tena.

Kwa njia nyingine, nasisitiza. Yule wa 2/5 hasaidiki kwa kurudiwa kanuni ya Kigawe Kidogo cha Shirika kwa sauti kubwa zaidi. Mpe vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa. Kimoja akikunje nusu, kingine akigawe sehemu tano zilizo sawa na kuzitia rangi mbili kati yake. Akivilaza pamoja ataona 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Nimeongeza kitu juu ya nusu, imepunguaje? Akishajiuliza hivyo, habari ya kutafuta asili moja inamwingia.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja haraka ni "ujifunzaji wa umahiri". Siipendekezi. Tanzania tayari inatumia umahiri kwa mtaala unaotazama mwanafunzi anaweza kutenda nini. Kenya wanauita umilisi, neno ambalo wanaisimu nao walishalitwaa. Msomaji atadhani ni jambo lilelile. Mtaala wa umahiri unataja pa kufika. Bloom anasema mtoto asiachwe njiani. Kiungo "hadi" kinalibeba wazo hilo, ndiyo maana napendekeza "ujifunzaji hadi umahiri".

Watu wa pwani wamelijua jambo lenyewe zamani. Katika chuo cha Kurani, mtoto hakuvushwa sura mpaka aisome sawasawa mbele ya mwalimu. Mmoja yumo kwenye Juzuu Amma, mwenzake wa rika lake keshafika mbali, na wote wameketi mkeka mmoja. Kuhitimu kulikuwa kuikamilisha Kurani, na kila mmoja alihitimu kwa siku yake. Siku hizi mtu huhitimu kwa kumaliza miaka iliyopangwa.

Najua mwalimu mwenye watoto 80 na silabasi ya kukimbizana nayo atauliza muda huo utatoka wapi. Ni swali la haki, na jibu haliko mikononi mwake peke yake. Mwaka 2015 Tanzania ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili mkazo uwe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumbe mada hupunguzika zikiamuliwa kupunguzwa. Watunga mitaala, tunawaomba mfanye hivyo na kwa madarasa ya juu, mwalimu apate wiki ya kuwarudia waliobaki nyuma kabla ya kufungua mada mpya.