Sukari ya Kakira: Ukoo wa Wageni na Mikono ya Wengi

Mtu ashukaye kilima cha Kasubi, mjini Kampala, baada ya kuzuru makaburi ya Makabaka wa Buganda, haendi mbali kabla hajakuta mahali pa kunywa chai. Akiketi hapo atawasikia wenyeji wakiagiza caayi na kuulizia sukaali, wala mwalimu wa Kiswahili hatahitaji mkalimani. Kiganda kililipata neno sukaali kwa njia ya Kiswahili, nacho Kiswahili kililitoa katika Kiarabu. Kabaka Muteesa wa Kwanza, aliyejenga jumba lake Kasubi mwaka 1882 na kuzikwa huko mwaka 1884, aliwapokea wafanyabiashara wa pwani katika enzi yake, na lugha yetu ikasikika barazani mwake. Muwa wenyewe, hata hivyo, Waganda huuita kwa jina lao, ekikajjo. Mmea walikuwa nao. Kilichokuja na wageni ni kiwanda.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi ukoo mmoja wa wageni ulivyoshiriki kukijenga kiwanda hicho, na yaliyotokea ulipoondolewa.

Muljibhai Madhvani alizaliwa Bara Hindi mwaka 1894. Alifika Uganda mwaka 1908, angali kijana, akajiunga na jamaa zake waliokuwa wakifanya biashara ya maduka upande wa Busoga. Hakuwa wa kwanza kufikiria sukari, kwani mwananchi mwenzake, Nanji Kalidas Mehta, alikuwa amekwisha kuanzisha kiwanda Lugazi mwaka 1924. Cha Madhvani kilianza kazi Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Wahamiaji hawa walitoka katika nchi ambamo kupika maji ya miwa ni kazi ya kale. Neno letu sukari guru ni ushahidi wa jambo hilo, maana guru ni neno la Bara Hindi kwa sukari isiyosafishwa.

Kazi ya sukari haina subira. Muwa ukikatwa huanza kupoteza utamu wake, hivyo ni lazima ufike kwenye mashine upesi, ukamuliwe, maji yake yasafishwe na kuchemshwa hata yagande kuwa chembechembe. Shamba, magari, tanuri na mafundi lazima viende kwa saa moja. Elimu ya kupatanisha mambo hayo ndiyo mali kubwa ya kiwanda, nayo haionekani katika orodha ya majengo.

Hata hivyo tusiseme kwamba ukoo huo ulifanya yote. Ardhi ilikuwa ya nchi hii, na waliokata miwa juani walitoka pande nyingi: West Nile, Kigezi, Rwanda, Burundi. Watu wa lugha mbalimbali walipokutana mashambani, Kiswahili kiliwasaidia kuelewana. Faida, lakini, haikugawanywa sawa. Chini ya serikali ya kikoloni Waafrika walibanwa katika biashara, na manung'uniko yao hayakuwa ya uongo. Mwaka 1959 watu wa Buganda, wakiongozwa na Augustine Kamya, waligoma kununua katika maduka ya Wahindi. Muljibhai alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wanawe wakaendelea na kazi.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Kakira na Lugazi zikatwaliwa. Mwaka 1968 Uganda ilikuwa imetoa tani 152,000 za sukari. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kazi hiyo ilikuwa karibu kufa. Vipuri havikupatikana, mafundi walikuwa wametawanyika, na mashamba yakaingia magugu. Sukari ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa siri. Hapo ndipo neno letu magendo lilipoenea katika vinywa vya Waganda, pamoja na mafutamingi, jina walilopewa waliotajirika ghafla kwa mali iliyoachwa. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi historia ya miaka hiyo, maneno hayo mawili yatamtosha kuanzia somo.

Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na mwaka 1985 ukoo wa Madhvani ukarejea Kakira kwa ubia na serikali. Kazi ilianza tena karibu na mwanzo. Leo Kakira ni miongoni mwa viwanda vikubwa vya sukari nchini, na maelfu ya wakulima wa Busoga huipelekea miwa yao wenyewe.

Lakini swali la zamani halijafa. Mwaka 2007 palipokuwa na mpango wa kuwapa wenye kiwanda cha Lugazi hektari 7,100 za msitu wa Mabira, watu waliandamana Kampala, damu ikamwagika, na Mhindi mmoja akauawa ingawa hakuwa na hatia. Mpango ukaachwa. Kuutetea msitu kulikuwa haki. Kumwua mtu kwa sababu ya asili yake hakukuwa haki hata kidogo.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ina pande mbili, nasi mara nyingi twafundisha upande mmoja tu. Mgeni huja na kitu, ndiyo; lakini mwenyeji naye lazima apone kweli, si kutazama tu mwingine akishiba. Mwaka 1972 ulitufunza jambo jingine: majengo yaweza kutwaliwa kwa siku moja, bali elimu ya kazi haitwaliwi. Hupokewa kwa kufundishwa, mkono kwa mkono. Laiti elimu hiyo ingaligawanywa mapema kwa mikono mingi zaidi, huenda matanuri ya Kakira yasingalizimika.

Ndugu walimu, kikombe cha chai cha Kasubi kina Kiarabu, Kiswahili na Kiganda ndani yake, na jasho la watu wengi. Yafaa wanafunzi wetu waonje vyote.